Mkono Uliomshika Secilia

Katika ukoo wa Celestini, huko Keza, mtu akifa majembe hulazwa. Halimi mtu kwa siku nane. Mjane huketi ndani, kwenye pembe ya nyumba, juu ya mkeka, miguu ameikunja. Hapiki, hachoti maji. Hatoki nje ila kwa haja, na hapo hana budi kupita mbele ya waombolezaji wote.

Secilia, mjane wa Celestini, aliona aibu kupita mbele yao. Kwa hiyo alipunguza kunywa maji. Uji akiletewa, alionja tu, akarudisha kikombe.

Tangu aolewe hakuwahi kukaa bure hata nusu siku. Asubuhi migombani, mchana kwenye maharage, jioni kisimani. Sasa alikaa tu, rozari mkononi, akiutazama ukungu ukiingia mlangoni na kutoka, kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Siku ya sita, kabla ya adhuhuri, alihisi mtu amemshika mguu wa kushoto.

Alitazama. Hapakuwa na mtu. Wanawake walikuwa nje, wanaimba. Lakini vidole vilibana kwenye kigimbi, vina moto, na havikuachia. Secilia alipajua mahali pale. Saa ya mwisho ya mumewe alikuwa amekaa naye kitandani, miguu juu. Celestini alinyoosha mkono akamshika hapo hapo. Akasema, "Secilia, usiniache niende peke yangu."

Hakumwambia mtu. Alisali rozari nzima. Vidole vilikuwa bado pale.

Kesho yake mguu ulivimba, ule wa kushoto peke yake. Ngozi iling'aa, ikaiva wekundu wa giza. Mama mkwe wake, Esperansia, alipiga magoti akaubonyeza kwa dole gumba. Alipoondoa dole, shimo lilibaki. Wote wawili walilitazama. Lilikaa pale, kana kwamba dole jingine lisiloonekana linaendelea kubonyeza.

"Ni mwanangu," Esperansia alinong'ona. "Hakuzoea kulala peke yake."

Secilia aliuliza kama basi amfuate. Aliuliza kwa utulivu, kama anayeuliza habari za sokoni, maana nusu ya moyo wake ilikwisha kufunga mzigo. Ndipo akamsikia binti yake Joan, wa darasa la nne, akifagia uani. Akawaza nani atamsuka mtoto huyu nywele. Hapo ndipo alipoogopa.

Esperansia alikuwa na dawa yake. Alipasha majani motoni, akayeyusha samli. Angeukanda mguu kwa nguvu, mpaka marehemu aachie.

Mikono yake ilikuwa imeshapakwa samli wakati Yuster alipoingia. Yuster ni mhudumu wa afya wa kitongoji. Alikuwa Murusagamba kwa dada yake, ndiyo maana alichelewa kuja kutoa pole. Aliuona mguu, akaweka chini mkungu wake wa ndizi.

"Shikamoo, bibi. Naomba usimguse."

"Marahaba. Unanizuia kumtibu mkwe wangu ndani ya nyumba yangu?"

"Nakuzuia, bibi. Ukimkanda unaweza kumwua."

Yuster alichuna uzi wa mgomba kutoka kwenye mkungu. Akaupima mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Wa kushoto ulizidi kwa upana wa vidole vitatu. Akauliza Secilia amekaa siku ngapi, anakunywa maji kiasi gani, kama kifua kinauma au pumzi inakatika. Kifua kilikuwa bado salama.

"Maziwa yakikaa bila kuguswa huganda," Yuster alisema. "Damu nayo, mtu asiposogea wala kunywa maji, inaweza kuganda ndani ya mshipa. Donge liko hapa. Ukilikanda linaweza kung'oka, likapanda mpaka kwenye mapafu. Mtu anakata pumzi ghafla. Halafu mtasema marehemu kamchukua."

Esperansia aliuliza habari za tangawizi na vitunguu saumu, kwani alisikia vinalainisha damu. Yuster alimjibu kwamba ni vyakula vizuri, aviweke kwenye mboga. Lakini donge likishaingia, halingoji mzizi wala jani. Ni hospitali, leo hii.

Ilikuwa siku ya saba. Mjane hajawahi kutoka kabla ya siku ya nane. Esperansia aliyatazama majembe yaliyolazwa ukutani. Kisha alichukua koti la mwanawe, akamvika Secilia, akaigeukia ile pembe ya mkeka, sasa tupu.

"Celestini, mwachie. Huyu ana mtoto wa kulea."

Yuster alipiga simu, gari likaja.

Hospitalini kipimo cha picha kilionyesha donge, juu kidogo ya goti. Secilia alichomwa sindano, kisha akapewa vidonge vya miezi kadhaa. Aliambiwa asiruke hata siku moja, na akitokwa damu ovyo arudi upesi. Asichanganye vidonge na miti shamba bila kumwambia daktari. Mboga za majani ale kila siku, kiasi kile kile. Apunguze chumvi na mafuta, anywe maji, atembee. Aliambiwa pia kwamba donge huwapata hata waliojifungua karibuni, waliopasuliwa, na wanaokaa kwenye basi kutwa nzima.

Vidole viliachia kimoja kimoja.

Mwaka uliofuata alifariki mume wa jirani yao Jovitha. Siku ya tatu Secilia alifika na mama mkwe wake, wakamkuta Jovitha mkekani, amekunja miguu. Wazee walianza kunung'unika. Esperansia akawakatiza: mjane atatembea, na rozari husaliwa hata ukiwa njiani.

Secilia na Jovitha wakatembea mpaka kaburini na kurudi, kila safari fumbo moja la rozari, kila wakirudi kikombe cha maji. Safari ya nne, ukungu ulikuwa umefunga njia nyuma yao. Jovitha alisimama.

"Dada Secilia," alisema kwa sauti ndogo, "kuna kitu kimenishika mguu."

Secilia alipiga magoti kwenye umande. Akatoa uzi wa mgomba mfukoni, akapima mguu mmoja, kisha wa pili. Akapima tena. Ilikuwa sawa, na haina joto.

"Ni ganzi ya kukaa," alisema. "Jioni nitapima tena. Mguu mmoja ukizidi hata kidole kimoja, hatungoji siku ya nane."

Akamshika mkono. Wakaendelea kutembea.