Njegere za Nyololo

Jirani yetu Faustina, mke wa Lutengano pale Iyunga, alikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari angeujua. Wakisafiri kutoka Mbeya kwenda Iringa, usingizi ulimshika Makambako na kumwachia Mafinga. Wakirudi, ulimshika Mafinga na kumwachia Makambako. Mumewe alimtania kwamba kipande kile cha barabara kimemwagwa dawa ya usingizi. Faustina alicheka naye, macho kayafumba. Katikati ya miji hiyo miwili kuna Nyololo, na ukiiacha lami pale Nyololo ukaingia ndani, ndiko kwao.

Siku hiyo walikuwa wanarudi kutoka Tosamaganga, kwenye kipaimara cha mpwa wa Lutengano. Mama mkwe, Bi Atuganile, alikaa mbele na mwanawe. Faustina alikuwa nyuma na binti yake wa miaka mitano, kajilaza dirishani, anakoroma mkoromo wa uongo.

"Lutengano, simama hapo sokoni Nyololo," Bi Atuganile akasema. "Hatuwezi kuingia nyumbani mikono mitupu na njegere mbichi zote zile."

Faustina akaamka ghafla. "Mama, hata Uyole zipo."

"Za Uyole zimelala njiani. Shuka, Mama Tekla, unyooshe miguu."

Mtoto aliitwa Tekla. Jina hilo alilichagua Bi Atuganile mwenyewe, kwa mapenzi, ili kumuenzi mama yake Faustina aliyekwisha kufariki. Hapo ndipo penye kidonda. Siku za uchumba wao, Lutengano aliuliza habari za wazazi, na Faustina akajibu haraka kwamba mama alifariki zamani, yeye amelelewa na masista. Kumbe mama alikuwa hai, analima njegere. Ila kijijini walimwita mchawi. Watoto wa jirani walikufa mmoja baada ya mwingine, watu wakatazama macho yake yaliyoiva kwa moshi wa jikoni, wakaona ushahidi umetosha. Shuleni wenzake Faustina walikataa kula naye sahani moja. Akaapa kwamba akitoka pale, hatarudi. Akamzika mama yake kwa mdomo.

Uongo ule ulikuwa mdogo, ukalishwa na wema wa watu. Mtoto akapewa jina la marehemu. Bi Atuganile alipohamia kwa mwanawe mwaka juzi, akaanza kutoa nia ya misa kila siku ya Marehemu Wote. Jina la Tekla lilisomwa altareni, na Faustina akainamisha kichwa, watu wakampapasa mgongo kwa huruma. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini hakusema.

Sokoni mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Kila mtu alikuwa na tope hadi kwenye ndala, wachuuzi wanafunua nailoni zilizofunika kabeji na viazi. Faustina alijitanda kanga hadi puani, akatembea nyuma ya mama mkwe. Walipita kwa wauzaji wengi. Bi Atuganile hakuridhika na yeyote, mpaka alipofika mwisho kabisa, kwa bibi mmoja aliyekaa peke yake na gunia la njegere za maganda.

Njegere zile zilikuwa mbichi, zinang'aa. Lakini bibi mwenyewe alikuwa mkavu. Mvua yote ile haikumgusa. Vumbi jekundu lilikuwa kwenye mikono yake, kwenye kope, kwenye mizizi ya nywele.

"Kamwene," bibi akasalimu kwa lugha ya kwao. Hakumtazama Bi Atuganile. Alimtazama Faustina.

Faustina aliliona kovu la moto kwenye mkono wake. Kovu hilo alilifahamu. Mama yake alilipata siku aliyomtoa yeye, akiwa anatambaa, kwenye mafiga.

Hakuitikia salamu.

Bi Atuganile alianza kupatana bei. Bibi akakubali kila alichoambiwa, bila ubishi, akapima sado baada ya sado. Mtoto alikuwa amesogea kwenye kuku wa jirani.

"Tekla!" Bi Atuganile akaita. "Njoo hapa!"

"Abee," akaitika mtoto.

"Abee," akaitika bibi.

Bi Atuganile akacheka. "Kumbe mna jina moja! Huyu mjukuu wangu amepewa la bibi yake mzaa mama. Marehemu."

Bibi akaacha kupima.

"Alizikwa wapi?" akauliza taratibu.

"Mama Tekla, mwambie bibi, ni kwenu huko."

Faustina akalitazama tena lile kovu. Angeweza kupiga magoti pale pale kwenye tope. Alifikiria hivyo, aliniapia baadaye, alifikiria kabisa. Kisha akamwona mumewe anakuja, shati jeupe, funguo mkononi.

"Mbali," akasema. "Bibi hapajui."

"Na konzi ya udongo anayotupa mtoto kaburini kwa mzazi, uliitupa wewe?"

"Ndiyo."

Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolijua. Akachota njegere kwa viganja vyote viwili, akamwaga juu ya mfuko kama nyongeza. "Hii ni yako," akamwambia Faustina. Kisha akamvuta mtoto, akamnong'oneza sikioni. Mtoto akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Garini, Faustina akamuuliza mwanawe ameambiwa nini.

"Bibi amesema nisikuambie."

Kesho yake mchana wakakaa barazani kumenya, wote watatu, kila mmoja na bakuli lake. Redio ya jirani ilikuwa inaimba kwaya. Bi Atuganile alimenya kwa kasi ya mwenye njaa. Mtoto alimenya na kula. Faustina akachukua ganda la kwanza, akalibonyeza, likapasuka.

Ndani hamkuwa na njegere. Mlikuwa na udongo.

Mwekundu. Mkavu. Umejipanga punje punje.

Akalificha kwenye mapaja. Akachukua lingine. Udongo. Akachukua moja kutoka fungu la mama mkwe, lililonona. Udongo. Bi Atuganile akachukua lililokuwa kando yake, likatoa njegere sita za kijani kibichi.

"Mbona bakuli lako halijai?" mama mkwe akauliza. "Unaumwa?"

"Kichwa tu, Mama."

Akainuka, kakunja kanga udongo usimwagike, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba. Kwenye simu alikuwa na namba ya mjomba wake Sosthenes, aliyoihifadhi kwa jina la fundi cherehani. Tangu aolewe hakuwahi kuipiga, na laini yake ya zamani alishaitupa.

"Mjomba, ni Faustina. Mama yupo?"

Kuku wa mjomba wakasikika.

"Tulikutafuta sana, mwanangu. Mama yako tulimzika mwaka juzi. Alianguka siku ya Marehemu Wote, asubuhi, watu wakiwa kanisani. Hakuwa anaumwa."

Faustina akakaa chini. Mwaka juzi, siku hiyo, asubuhi, jina lilisomwa Mbeya kwa mara ya kwanza.

"Na kaburi linatusumbua," mjomba akaendelea, sauti kaishusha. "Tunajaza, linabonyea. Sehemu moja tu, kifuani. Kama pameachwa nafasi ya konzi moja ya mkono. Wazee wanasema ni udongo wako, mtoto wa pekee. Hujautupa. Njoo. Ila njoo na wakwe zako, wajue ulikotoka. Usije kama mwizi."

Akaahidi. Akaufunga udongo ule kwenye pindo la kanga.

Jumamosi akaamka mapema, akaoga, akasimama mbele ya mumewe. Maneno yalikuwa yamefika kooni. Lutengano akatabasamu, akauliza, "Vipi?" Mawazoni Faustina akamwona akisikia neno mchawi. Akamwona Bi Atuganile akimtazama mjukuu wake kwa jicho jipya.

"Nina semina Makambako," akasema. "Nitarudi jioni."

Akaenda kama mwizi.

Kaburi lilikuwa nje ya makaburi ya wengine, ng'ambo ya mfereji. Shimo dogo lilikuwa pale kifuani, kama alivyoambiwa. Mjomba Sosthenes alitazama njiani nyuma ya Faustina, akaona hakuna mtu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Faustina akapiga magoti, akafungua pindo, akatupa udongo. Shimo likajaa sawasawa, bila kupungua, bila kuzidi. Hapo ndipo akalia. Alilia kwa sauti, akimwita mama yake kwa jina lote, akimwomba radhi kwa ile salamu ya sokoni. Hakuna aliyemsikia ila mjomba na ng'ombe waliokuwa wanapita.

"Umeyasema kwa aliyekufa," mjomba akamwambia akimsindikiza. "Kayaseme na kwa walio hai."

Alifika Iyunga jua halijazama. Mwili ulikuwa mwepesi. Bi Atuganile alikuwa barazani na mjukuu wake, wanamenya njegere nyingine, walizonunua siku hiyo hiyo Uyole.

"Pole na safari, Mama Tekla. Semina ilikuwaje?"

Mama mkwe alimtazama kwa upole, akimsogezea kigoda. Hakuna mahali pazuri kuliko pale pa kusema. Lutengano alikuwa anasikia, dirisha liko wazi.

"Ilikuwa nzuri, Mama," Faustina akasema. "Tulifundishwa mengi."

Ganda likapasuka.

"Mama," mtoto akasema. "Langu lina udongo."

Bi Atuganile akainua macho. "Udongo gani tena?"

Tekla alikuwa amekwisha kumimina kilichokuwamo kwenye kiganja, mwekundu, mkavu, akafumba ngumi. Faustina akamshika mkono, akajaribu kumfumbua vidole. Havikufumbuka. Vidole vya mtoto wa miaka mitano.

"Utupe," akanong'ona. "Tekla, mwanangu, utupe huo."

"Si sasa," mtoto akasema. "Bibi wa sokoni alisema nikutunzie mpaka siku yako ifike."

Wanasema alilala na ngumi imefumbwa. Asubuhi kiganja kilikuwa wazi, na safi. Faustina ametafuta udongo ule chini ya godoro, kwenye mifuko ya sare, kwenye viatu, nyumba nzima. Mpaka leo hajui mwanawe ameuweka wapi.