Magunzi ya Bibi Chi

Katika kijiji cha Songpo hapakuwa na mtu asiyeijua kanuni hii: kuni zikikutwa uchochoroni baada ya jua kutua, mwenye kuni hupunguziwa alama tano, na aliyezitolea taarifa huongezewa alama mbili. Kanuni hiyo ilibandikwa katika ofisi ya kijiji, kando ya ubao mkubwa wenye majina ya nyumba zote. Nyumba iliyofikisha alama elfu moja na hamsini ilipewa nyota nyekundu ya bati, ikapigiliwa misumari juu ya mlango wa nje ili kila apitaye aione.

Luan Mingxia, msichana wa miaka kumi na miwili, aliusoma ubao huo kila siku alipotoka shuleni. Nyumba yao ilikuwa na alama elfu moja na arobaini na nane. Baba yake alikuwa amefagia theluji barabarani tangu baridi ilipoanza, na mama yake alikuwa amewanyoa nywele wazee wasiojiweza, lakini alama mbili za mwisho zilikataa kuja.

"Bado mnahesabu?" alimtania Yu Peng, mwanafunzi mwenzake. "Nyota yetu imeanza kushika kutu, ninyi bado mnahesabu!"

"Nyota yenu mliipata kwa sababu mama yako hupiga picha hata akimwokotea jirani ufagio."

"Basi na ninyi pigeni. Nani kawakataza?"

Jioni moja, majuma matatu kabla ya Mwaka Mpya, Mingxia alikuwa akicheza uchochoroni, akikipiga kwa mguu kishada chake cha manyoya ya kuku. Kishada kiliruka, kikatua juu ya rundo la magunzi ya mahindi, kuni za majira ya baridi, ambalo jirani yao, mjane aitwaye Bibi Chi, alikuwa amelipanga uani, likaupita ukuta wake mfupi kwa kimo. Mingxia aliupanda ukuta, akanyoosha mkono. Rundo likatikisika, kisha likaporomoka lote upande wa nje.

Aliruka chini, akaanza kuokota. Aliokota magunzi matatu, akasita. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya miti ya matufaha. Bibi Chi hakuwa amesikia kitu, kwa maana masikio yake yalikuwa mazito. Uchochoro ulikuwa mtupu.

Mingxia aliyatupa yale magunzi matatu juu ya mengine. Akaingia ndani kwao, akaichukua simu ya baba yake mezani, akarudi nje, akapiga picha iliyoonyesha magunzi pamoja na mlango wa Bibi Chi. Akaituma kwa Babu Cong, mwalimu mstaafu aliyekuwa mkusanya taarifa wa kijiji. Halafu akanawa mikono, akaketi kula.

Kesho yake ubao ulibadilika. Luan: elfu moja na hamsini. Chi: elfu moja na arobaini na saba. Baba yake Mingxia alipanda kigoda, akapigilia nyota huku akicheka kama mtoto.

"Nani aliyetuma ile taarifa kwa simu yangu?" aliuliza.

"Mimi, Baba. Nilikuta magunzi njiani."

"Umefanya vema. Namhurumia Bibi Chi, lakini kanuni ni kanuni."

Nyota ya Bibi Chi iliondolewa siku hiyo hiyo, na heshima yake ikaondoka pamoja nayo. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyeipika mikate ya mvuke ya Mwaka Mpya kwa ajili ya bwalo la wazee, mikate mikubwa yenye tende nyekundu, iliyopambwa kwa maua na samaki wa unga. Lakini kazi ya bwaloni ilikuwa ya wenye nyota tu, naye hakuwa nayo tena.

Bibi Chi hakugombana na mtu. "Lazima niliyaacha nje mwenyewe," alisema. "Nilidhani yamo uani. Kichwa kimezeeka." Tangu siku hiyo akawa anatoka mara nne kwa siku kukagua uchochoro, akishika tochi hata mchana. Kigoda alichozoea kukikalia nje akipiga soga alikiingiza ndani, asije akakisahau. Majirani nao, kila wapitapo, walitazama kwanza miguuni pao ndipo wasalimu.

Mingxia aliyaona hayo yote. Kila alipopita chini ya ile nyota aliinamisha kichwa.

Siku ya Ijumaa mama yake alimtuma ampelekee Bibi Chi kabichi mbili. Bibi alimkaribisha, akamwekea karatasi nyeupe na kalamu ya wino mezani.

"Umekuja wakati mwema, mjukuu wangu. Mwandiko wako mzuri. Niandikie kwa herufi kubwa: 'Je, umeingiza magunzi?' Nitaibandika mlangoni, niione kila nitokapo."

"Bibi, huna haja ya karatasi."

"Ninayo. Nilimweleza binti yangu kwa simu kwamba nimeanza kusahau, naye akaogopa. Asema leo ni kuni, kesho nitausahau moto. Jumapili anakuja kunichukua, nikakae kwake mjini, ghorofa ya kumi na tisa." Bibi alijaribu kucheka. "Nitapika mikate wapi huko? Juu ya kitanda? Basi andika. Akiiona karatasi, huenda akaniacha hapa walau mpaka Mwaka Mpya upite."

Mingxia aliandika. Neno la mwisho likapinda.

"Hata wewe umezeeka?" Bibi alimtania, akampapasa kichwa.

Mingxia hakurudi nyumbani. Alikwenda mbio mpaka kwa Babu Cong, akasimama mlangoni, akilia.

"Babu, magunzi niliyaangusha mimi. Bibi Chi hakusahau kitu. Mimi ndiye niliyeyaangusha, kisha nikapiga picha."

Babu Cong aliivua miwani yake. "Ulijua kwamba ni kosa?"

"Nilijua."

"Ukazipokea alama?"

"Ndiyo, Babu."

Mzee aliivaa tena miwani yake. "Kutoka hapa hadi ukuta wa Bibi Chi ni hatua sitini," akasema. "Nami sikwenda kubisha hodi. Nilitazama picha, nikaandika. Twende kwa baba yako."

Baba alisikiliza akiwa amesimama. Uso ulimwiva kwa aibu. "Na mimi nilikusifu!" alisema. Hakumpiga. Alitwaa nyundo, akamkabidhi mwanawe. "Panda kigoda. Ishushe wewe."

Mingxia aliing'oa nyota, akaipeleka ofisini mikononi mwake, mchana wa Jumamosi, watu wakimtazama. Mbele ya ubao alisema kosa lake kwa sauti, naye Bibi Chi akiwa amesimama pale. Babu Cong alimrudishia mjane alama zake tano na nyota yake. Nyumba ya Luan ilinyang'anywa zile mbili, ikapunguziwa tano nyingine kwa taarifa ya uongo. Kisha mzee aliishika chaki tena, akajipunguzia tano mwenyewe.

Bibi Chi alimkazia macho Mingxia. "Siku kumi na moja nimeiogopa akili yangu mwenyewe," alisema. "Hilo halikuandikwa ubaoni."

"Nisamehe, Bibi."

"Utaufagia uchochoro wangu asubuhi kumi. Bila simu, bila picha, bila alama. Halafu tutaonana."

Jumapili binti alikuja na begi tupu, akaelezwa habari yote, akaondoka na begi lililojaa mikate.

Asubuhi ya tatu Yu Peng alimkuta Mingxia akifagia kwenye baridi kali. "Hupigi picha? Jasho lako limepotea bure, dada!"

"Lipotee," alijibu Mingxia, akaendelea.

Asubuhi ya kumi ilikuwa mkesha wa Mwaka Mpya. Babu Cong alipita, akasimama.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ubao huhesabu kinachoonekana, na uongo wako haukuonekana, ndiyo maana ulituzwa. Mtu mwaminifu ni yule asemaye kweli uchochoroni pasipo mtu. Usingoje kutazamwa ndipo uwe mwema. Na ukimdhulumu mtu, usimrudishie alama zake peke yake. Mrudishie na amani yake."

"Nimesikia, Babu."

Mlango ulifunguliwa. Bibi Chi alitoka bila tochi. Aliutazama uchochoro toka mwanzo hadi mwisho, akaibandua ile karatasi nyeupe mlangoni, akampa Mingxia.

"Deni limekwisha. Ingia, moto wangu unafifia. Itie hii kwanza, kisha lete magunzi."