Aliyemtia Wayua Dawa ya Macho

Mgeni aliyeingia kwa Wayua asubuhi ile hakuvua ndara mlangoni. Jambo dogo hilo, utasema. Lakini Kache, jirani yake, yaani Mama Kalama, hakuwa mtu wa kuvuka kizingiti cha watu bila kuzibwaga ndara zake, pwa, pwa, na Wayua, aliyekuwa amelala macho yote mawili yamefunikwa, alikuwa anazisubiri sauti hizo mbili. Hazikuja. Ilikuja hodi moja tu, ya taratibu.

"Karibu, Mama Kalama," Wayua akasema. "Pita ndani. Hapa ni kwako."

Hapa ni kwako! Sisi watu wa pwani tunavyolitupa neno hilo, kama maganda ya machungwa. Muuza samaki anaambiwa, karani wa kanisa anaambiwa, hata mtu tusiyempenda anaambiwa, naye anajua kwamba ni adabu tu na kwamba akimaliza chai aende zake. Wayua alikuwa binti wa Wakamba waliohamia Lunga Lunga zamani, adabu hiyo alikuwa ameinyonya humu humu. Alilisema bila kufikiri, akamwambia asiyemwona.

Mwaka ulikuwa tisini na tisa. Wayua alikuwa opereta wa simu katika hoteli moja ya Diani, na tangu darasa la tatu alivaa miwani yenye vioo vinene kama vitako vya chupa za soda. Akiivua alikuwa hauoni hata mkono wake mwenyewe vizuri. Basi ikasikika kwamba yuko daktari Mombasa anayechonga macho kwa mwale wa leza, mtu akatupa miwani. Wayua akaenda. Kazi yenyewe ilikuwa fupi: akaambiwa aangalie taa nyekundu asipepese, mashine ikalia taa-taa-taa, akasikia harufu ya nywele zinazoungua, na harufu hiyo ilikuwa ni yeye.

"Sasa macho yako ni kidonda," daktari alimwambia. "Yakiingia uchafu kabla hayajafunga, utayapoteza. Usiyaguse. Maji yasiingie. Atafutwe mtu wa kukutia dawa hii, tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, kisha ayafunike tena. Jumatatu uje."

Mtu wa kutia dawa alikuwa Kache, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nyumba ile ya Ukunda ilikuwa na vyumba sita, na zamani vyote vilijaa watu wa bara: wapishi, mafundi, vinyozi. Zilipotokea zile vurugu za tisini na saba, watu wa bara wakifukuzwa pwani, wakafunga mizigo, hata Ndolo, kaka yake Wayua, akarudi Machakos. Wayua akakataa. Akimbilie wapi, naye amezaliwa huku? Vyumba vikabaki na kufuli zake, na watalii nao wakapungua, na kule hotelini alikuwa akikaa mbele ya simu kutwa nzima ikalia mara mbili. Upweke ulimla, nisikufiche. Kuna Jumapili alizokuwa akiinua simu kazini asikilize ule mlio wa laini, apate kusikia kitu.

Sasa mgeni akakaa kitandani kando yake. Godoro likabonyea. Hewa ikanukia udi, na chini ya udi ikanuka kama kisima kilichoachwa.

"Umeamkaje?" sauti ikauliza, na ilikuwa sauti ya Kache hasa.

"Mchanga, Mama Kalama. Nahisi mchanga machoni."

Vifuniko vikaondolewa. Wayua aliona ukungu mweupe tu wa mwanga wa dirisha, akavuta kichwa nyuma, akangoja. Tone likaanguka. Lilikuwa na joto, ilhali kichupa cha dawa alikuwa amekiweka mwenyewe ndani ya bakuli la maji baridi. Maumivu yakakatika pale pale.

Ni vifuniko viliporudishwa ndipo lilipomjia jambo jingine: mtu akikuinamia usoni, mwanga si unapungua? Ule ukungu ulikuwa umebaki mweupe vile vile. Akajiambia ni dawa inamchezea, akalala.

Jioni mgeni akarudi, na kesho yake, na kesho kutwa, wala hakupiga hodi tena. Alikuwa akikaa saa nzima. Alimsikiliza Wayua akisimulia ya mama yake, ya mwanamume wa Kikoneni aliyemposa halafu akaingia mitini, ya woga wake wa kuzeeka mbele ya simu. Hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo. Akicheka, mgeni alicheka. Akilia, mkono ulimshika, mkono mkavu, wa moto kama bakuli la uji.

Lakini Wayua alikuwa mtu wa simu, na masikio yake hayakuwa yamechongwa na mtu. Jumamosi mgeni alikawia hadi mchana, na jua likiwa la utosi, kuku wa uani wamenyamaza wote kwa mpigo, Wayua akaligundua jambo. Mtu akisema, kabla ya neno huvuta pumzi, hata mlevi, hata mgonjwa, yeye alikuwa amezisikia pumzi za watu miaka kumi na mmoja kwenye waya. Na huyu aliyekaa ubavuni pake, aliyekuwa akimwambia kwa sauti ya Mama Kalama kwamba asiogope, kwamba atapona, kwamba ataona vizuri kuliko watu wote, alisema maneno hayo yote na mengine baada yake na mengine tena pasipo kuvuta pumzi hata mara moja, na godoro likazidi kubonyea, na ile harufu ya kisima ikapanda mpaka ikawa mdomoni mwake, naye akabaki pale pale, asiweze kufunua macho wala kupiga kelele, maana angemwita nani?

"Wewe si Mama Kalama," akanong'ona mwishowe.

"Si," sauti ikasema kwa upole. "Nitoke?"

Wayua akavuta shuka mpaka kidevuni. Lakini hakumwambia atoke.

Jumatatu ndara zikabwagwa mlangoni, pwa, pwa.

"Hodi, hodi! Dada Wayua, nisamehe," Kache akaingia anahema. "Mama alizidiwa kule Kikoneni usiku ule ule uliorudi. Nikamwagiza Menza wa dukani akwambie, kumbe naye kasahau. Nani aliyekutia dawa?"

Kache akakitoa kichupa kwenye bakuli, akakigeuzageuza. Ile pete ya plastiki ya kizibo ilikuwa haijakatwa.

"Hiki hakijafunguliwa," Kache akasema polepole. "Umetiwa nini machoni, mwenzangu?"

Kwa daktari, vifuniko vilipotoka, Wayua aliona. Aliona kope za daktari, moja moja. Aliona kutu kwenye misumari ya dirisha. Daktari akampongeza kwa kufuata masharti. Kache hakupongeza mtu. Wakirudi alimpitisha kijiji cha Waa kwa Fundi Iddi, mtengeneza baiskeli ambaye kutoa majini ndiyo kazi yake ya pili, naye akafuatana nao hadi Ukunda, vidole vyeusi kwa grisi.

Iddi akafukiza ubani, akasoma, akasikiliza kuta.

"Lipo," akasema. "Na mimi siwezi kulitoa, dada. Uliliambia ni kwake. Mwenye nyumba ni wewe, na neno ni lako. Sema, hapa si kwako, toka. Utalisikia likitoka."

"Nisiposema?"

"Macho hayo ni malipo ya kwanza tu, ulizoee. Baadaye litaanza kuyachukua, kidogo kidogo kila linapokutia, mpaka yaishe. Ukilitoa leo utabaki nayo. Sema."

Wayua akamtazama Kache. Alikuwa hajawahi kumwona kwa macho yake matupu. Uso mzuri, umechoka. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni.

"Wewe unarudi Kikoneni?"

"Mama hawezi kuachwa," Kache akasema, akaona haya. "Nahamia huko kabisa. Nilitaka kukwambia ukishapona."

Wayua akaingia chumbani, akafunga mlango. Wale wawili wakasikia ananong'ona, kisha kimya kirefu. Akatoka, macho maangavu.

"Limeondoka," akasema. "Nimelisikia."

Kache akamkumbatia, akalia kwa furaha. Iddi alimtazama kitambo, akakung'uta majivu ya chetezo, akasema Mungu akulinde, nao wakaenda zao wote wawili, na hatua zao zikaishia barabarani.

Wayua akafunga mlango wa nje. Akakaa kitandani, akasogea kidogo upande wa ukutani kuacha nafasi. Godoro likabonyea. Alikitazama kidirisha, na muembe wa jirani, na kila jani la muembe, akavitazama sana. Kisha akalaza kichwa nyuma, akayakodoa macho, akangoja tone.