Chiriku na Kadi ya Dada

Kila asubuhi Chiriku alifagia uwanja huku akiimba, ndiyo maana wakampachika jina la ndege asiyenyamaza. Siku hiyo alifagia kimya. Koo lilimvimba na mwili ukawa moto kama pasi. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo shangazi, aliyekuja kuwatembelea, ndiye aliyempeleka hospitali.

Kadi yake ya hospitali haikuonekana. Walipofika, shangazi alipekua mkoba wa makaratasi aliouchukua nyumbani, akaibuka na kadi ya dada yake Chiriku.

"Tumia hii. Foleni ya waliopoteza kadi inafika getini, nawe unaungua. Mmefanana kama vikombe vya seti moja, nani atajua? Ukiulizwa jina, taja la dada yako."

Chiriku akalitaja. Daktari alisoma kwenye kompyuta. "Hapa naona hakuna dawa inayokudhuru. Vizuri, utachomwa sindano ya penisilini."

Moyo wa Chiriku ukapiga pa! Mama alimsimulia mara nyingi: yeye Chiriku alipokuwa mdogo, dawa hiyo ilimvimbisha uso hadi akakosa pumzi. Shangazi aliishi mbali wakati huo, hakuwa na habari. Chiriku akiropoka, shangazi ataaibika. Akinyamaza je?

Walipoingia chumba cha sindano, nesi alikwisha kuvuta dawa. "Legeza mkono, mwanangu."

"Nesi, subiri! Kadi ile si yangu, ni ya dada. Mimi penisilini ilitaka kuniua!"

"We mtoto!" shangazi akamaka.

"Mwache aseme, mama," nesi akajibu, akiweka sindano chini.

Walirudi kwa daktari. Akaandika jina la kweli la Chiriku, na maandishi mekundu yakatokea: ASIPEWE PENISILINI. Shangazi akaketi kitini pu!

"Jamani! Ningemwambia nini wifi yangu?" Akamvuta Chiriku kifuani, akacheka na kulia kwa pamoja.

Daktari aliandika dawa nyingine, kisha akatabasamu. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Magonjwa yako yote nayakumbuka, lakini uso wako siujui."

"Kompyuta!" Chiriku akajibu kwa sauti ya kukwaruza.

"Umepata. Yenyewe inaamini jina tu. Mkiipa jina la mwingine, tutamtibu huyo mwingine ndani ya mwili wako. Kadi ikipotea, semeni, tutazitafuta taarifa za mgonjwa kwa jina lake. Foleni inachosha, shangazi, lakini ina mwisho. Nawe binti, leo umesema kweli ukiwa na hofu. Hiyo ndiyo iliyokuokoa, mimi nimemalizia tu."