Abiria wa Kiti cha Nyuma

Kwenye simu yake mkunga aliikuza picha ya gari linalouzwa mpaka ikavurugika, na bado aliona jambo lile lile: kioo cha nyuma cha kushoto kilikuwa na ukungu. Vioo vingine vya gari vilimetameta juani. Hicho kimoja kilikuwa kimefunga mvuke kwa ndani, kama kioo cha gari ambamo mtu amelala.

"Ni kamera tu hiyo," mumewe alisema.

"Picha zote? Na jua limewaka hivi?"

Mumewe akacheka. Alishamzoea mke wake, mtu wa kunusa maziwa mara mbili kabla ya kuyamimina. Lakini gari walilihitaji. Wajawazito wa upande ule walikuwa wakijifungulia njiani, na pikipiki ya zahanati ilikuwa mahututi kuliko wagonjwa. Gari lenyewe lilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mwenye nalo, mwalimu mstaafu, alisema kwenye simu kwamba hana haraka ya kuuza, kwa sauti ya mtu mwenye haraka sana. Basi mkunga akatafuta fundi wa huko huko alikague kabla ya lolote. Shemeji yake akampa namba ya mmoja ambaye wateja walimwita Fundi Kimya.

Fundi Kimya alilichukua gari, akashinda nalo gerejini kwake, jioni akapiga simu.

"Injini nzima, dada. Gia zinaingia laini. Chini hakuna kutu."

"Kwa hiyo nilinunue?"

Akasita. "Limelalia kushoto, nyuma. Nimebadilisha springi, nimebadilisha hata tairi. Bado limelala, kama limepakia mtu."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Alinipa ufunguo akiwa ndani ya geti. Nilipowasha, akafunga geti."

Kesho yake fundi alipiga tena. Safari hii alinong'ona. "Dada, usilinunue."

"Lina ubovu gani?"

"Halina."

"Fundi, mimi nimekutuma uniambie ubovu."

"Nimeliendesha asubuhi. Mna harufu humo, kama udongo mkavu uliomwagiwa maji. Na nyuma yangu kuna mtu anahema. Nikigeuka, kiti kitupu. Nikitazama mbele, anahema."

Hapo shaka ya mkunga ikaliacha gari ikamrukia fundi. Mumewe, aliyekuwa ametega sikio, akatikisa kichwa. "Analitaka mwenyewe huyo. Wewe ukishaogopa, kesho linakuwa lake." Mkunga naye aliona hivyo hivyo. Akamwambia fundi apige simu ya video, aone kwa macho yake.

Wakapatana saa ya chakula cha mchana. Mkunga alijifungia chumba cha dawa pale zahanati. Fundi aliisimamisha simu yake juu ya dashibodi, ikitazama nyuma, akaacha mlango wa dereva wazi, akaenda kusimama mbali kwenye lango la gereji, mikono kifuani, ili asije akashukiwa. Kupitia kioo cha nyuma mkunga alimwona mzima, kichwa hadi miguu.

Kiti kilikuwa kitupu. Alikitazama mpaka akaanza kujiona mjinga, akataka kukata simu aende akale, na ndipo kitambaa cha kiti kilipobonyea taratibu upande wa kushoto, kikabonyea kama kinavyobonyea mtu mzito anaposogea kutafuta nafuu ya mgongo, na ukungu ukatanda kwenye kioo, ukapungua, ukatanda tena, na pamoja na ukungu ule ikaja pumzi, ndefu, iliyobanwa hadi mwisho kisha ikaachiwa na mguno mdogo, ikatulia, ikaanza upya, na mkunga, ambaye nywele zilimsimama na kidole chake kilishafika kwenye kitufe cha kukata, akashindwa kukibonyeza kwa sababu pumzi ile aliijua. Aliisikia karibu kila siku ya kazi yake. Hakuna fundi wa kuiigiza.

"Mama," alisema polepole, "uchungu umeanza lini?"

Pumzi ikakoma. Kisha sauti ikaja karibu kabisa na simu, ya chini, kavu. "Zamani. Nilipanda nipelekwe kwetu. Mwenye gari akaniogopa, akaleta mtu wa kusoma dua, akanifunga humu. Siwezi kutoka. Na huyu wa tumboni hawezi kutoka."

"Amekufunga kwa kitu gani?"

"Uzi. Chini ya kiti."

Mkunga alisogea karibu na simu. Akamwita fundi kwa sauti, fundi akasogea hadi hatua chache kutoka mlangoni.

"Kuna uzi chini ya kiti cha nyuma. Ukate."

"Mimi nina watoto, dada."

"Najua. Na mama aliyemo humo anatafuta wake. Usinikatie simu, nipo."

Fundi akachomoa kisu mfukoni. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, na fundi aliyedhaniwa tapeli akaingiza kichwa na mkono, macho ameyafumba, akipapasa chini ya kiti huku pumzi ikimpiga shavuni, na mkunga akimsemesha kama anavyowasemesha wazazi wa mara ya kwanza, taratibu, hivyo hivyo, bado kidogo, mpaka kisu kikakata uzi na skrini yote ikageuka nyeupe. Ndani ya weupe ule mguno ulipanda, ukapanda, ukakatika. Kikafuata kilio chembamba, kama cha paka aliyefungiwa mtungini.

"Nitamleta umwone," ile sauti ikasema.

Ukungu ulipotoweka, fundi alikuwa amekaa chini kwenye vumbi. "Limenyooka," alisema. "Gari limenyooka."

Mkunga alimwomba radhi kwa yote aliyomdhania. Fundi akamwambia sasa anaweza kulinunua kwa amani. Mkunga akakataa; hakutaka pesa yake imfikie aliyemfungia humo mama mwenye uchungu. Mumewe alipouliza sababu alimjibu kwamba walitafute jingine, karibu na nyumbani, na hakusema zaidi.

Mwezi ulipopita ikaja siku ya kupima watoto uzito. Kina mama walijipanga barazani, vichanga mikononi, wakisogezana na kutaniana. Katikati ya foleni palibaki nafasi ambayo hakuna aliyeijaza, na mwanamke aliyekuwa nyuma ya nafasi hiyo alikuwa akijifunika pua na kulalamika kwamba hapa pananuka mvua. Foleni ilisogea. Nafasi nayo ikasogea, ikafika mezani.

Mfuko wa mizani ulining'inia mtupu. Ukashuka. Mshale ukazunguka, ukatetemeka kidogo, ukatulia.

Mkunga aliushika ukingo wa meza. Akausoma mshale kama anavyousoma siku zote.

"Anaongezeka vizuri, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Endelea kumnyonyesha."

Mfuko ukapanda.