Mkwara wa Hamida

Kila Jumamosi asubuhi, uchochoro mmoja wa Manzese huamkia mpira wa maji. Bomba liko uani kwa Bi Mwamvita, mjane wa makamo, na maji ya mgao hutoka siku hiyo tu. Yeye hufungulia, mpira hupitishwa juu ya ukuta, na kila nyumba hujaza pipa lake kwa zamu. Akiita, mtu aende mbio, maana wengine wanangoja.

Kwao Hamida, kupokea mpira ilikuwa kazi yake. Alikuwa darasa la sita. Mama yake ni mama lishe, huwapikia mafundi wa gereji wali na maharage, na pipa lisipojaa hakuna kupika. Jumamosi mama huenda sokoni alfajiri, akamwachia binti yake kazi hiyo bila wasiwasi. Hamida hakuwa na tabia ya uongo. Hata akivunja kikombe, alikwenda kusema mwenyewe kabla hajaulizwa.

Basi Mjomba Mudathir, mdogo wake mama, akahamia kwao akisubiri nafasi ya chuo. Simu yake ilikuwa na mchezo wa karata uitwao poka, wenye mashindano ya bure. Kila mchezaji hupewa chipu za kuchezea, zisizonunua hata pipi dukani, na anayebaki nazo mwisho ndiye mshindi. Mjomba akamfundisha Hamida mitindo ya kuweka dau. Alimweleza kwamba kwa kuwa chipu ni za bure, wengi huzimwaga zote mwanzoni na kutolewa mapema. Mwenye akili hubana. Hutupa karata mbovu, hunyamaza, na huweka dau akiwa na karata nzuri tu.

"Ukibana muda mrefu, watu wanakuzoea," mjomba alisema. "Wanajua ukiweka dau, una kitu kweli. Hapo sasa unapiga mkwara. Unaweka dau kubwa wakati huna karata yoyote ya maana, na wote wanakimbia."

Hamida aliyashika maneno hayo kuliko alivyowahi kushika somo la hisabati.

Jumamosi moja mjomba akiwa kwa kinyozi, ameiacha simu kwenye chaji, Hamida aliichukua akaingia mashindanoni. Akabana, akabana, wenzake wakatoka mmoja mmoja. Nje Bi Mwamvita akamwita apokee mpira. Hamida akajibu, "Nakuja," macho kwenye karata. Akaitwa tena, akajibu vilevile. Jamani, hiyo "nakuja" ya mtoto mwenye simu mnaijua wenyewe. Alipoinuka, na furaha yake ya kushika nafasi ya pili, mpira ulikuwa umeshakwenda nyumba nyingine na maji yamekatika. Pipa lao lilikuwa tupu.

Mama alirudi na mzigo wa mchele kichwani, akauliza kama wamepata maji. Hamida alilitazama pipa tupu. Kisha akakumbuka mkwara. Akatuliza uso, akasema polepole, "Bi Mwamvita ameturuka, mama. Nimekaa hapahapa, mpira haukuja."

Mama hakuuliza mara mbili. Mtoto huyu hajawahi kumdanganya, angeuliza nini tena? Akajifunga kanga kiunoni, akaenda mpaka mlangoni kwa Bi Mwamvita, na mbele ya majirani akamwambia ana roho mbaya, anamwonea wivu kwa biashara yake. Bi Mwamvita alifungua mdomo ajibu, kisha akamwona Hamida amesimama nyuma ya mama yake. Akamtazama kidogo, akageuka, akaingia ndani.

Mkwara ulikuwa umefaulu. Hamida alitamani usingefaulu.

Tangu siku ile mama akasema hataki maji ya mtu. Akawa anabeba ndoo kutoka kisima cha mbali, anarudi ameshika kiuno. Wanawake wale wawili, waliozoea kuchambua mchele pamoja huku wakicheka mpaka machozi, sasa walipishana uchochoroni kama hawajuani. Hamida aliyaona yote na yakamuuma sana. Kila alipotaka kusema, aliishia kumpokea mama ndoo tu.

Siku moja akitoka shule, akakutana na Bi Mwamvita uso kwa uso. Hakuwa na pa kupita.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako kiuno chake kinaendeleaje?"

Ni hilo tu aliloulizwa, na ndilo lililomshinda. Alifika nyumbani analia kwa kwikwi, akamweleza mama kila kitu, simu, karata na ule uongo. Mama hakumpiga. Angempiga, huenda Hamida angepata nafuu.

"Nimemtukana mtu aliyekulea ulipokuwa mchanga," mama alisema. "Nimemtukana kwa sababu nilikuamini wewe."

Wakaenda wote kuomba radhi. Bi Mwamvita alisema alijua tangu siku ile, ila hakutaka kumwaibisha mtoto mbele ya watu. Akawasamehe, na machozi yakawatoka wote watatu.

Mjomba Mudathir aliposikia, akaufuta ule mchezo kwenye simu. Alijilaumu sana, akamketisha Hamida karibu yake.

"Nilikufundisha nusu," alisema. "Mle kwenye simu, ukipoteza chipu zote leo, kesho unapewa nyingine bure. Mama yako alikuwa anakuamini kwa miaka yote uliyosema kweli. Wewe umeichukua imani hiyo yote ukaiweka dau siku moja. Hiyo hairudishwi kesho asubuhi. Utaanza upya, kidogo kidogo."

Jumamosi ikafika, mpira ukapita tena juu ya ukuta. Hamida alisimama kando ya pipa tangu mwanzo mpaka maji yakafika ukingoni. Akafunika, akaenda kumwambia mama kwamba limejaa.

Zamani mama angeitikia tu na kuendelea na mchele wake. Safari hii aliweka ungo chini, akafuta mikono, akaenda kufunua pipa. Lilikuwa limejaa kweli. Akalifunika, akageuka, akamkuta binti yake ameinamisha kichwa.

"Usilie," alimwambia kwa upole. "Iko siku nitaacha kufunua. Lakini siyo leo, mwanangu."