Kitetezi Kwenye Nyumba Iliyojaa

Taa ya Kitetezi iliwaka kijani, kikasoma kwa sauti ya upole: "Hoja ya mia mbili na kumi na mbili. Mume alionekana Chumbageni akimnunulia mwanamke mwingine udi."

"Si nilisema!" wakadakia wanawake tisa waliojazana sebuleni kwa Mwantumu.

Kitetezi kilikuwa wakili wa mashine, mviringo kama kawa la kufunikia chakula. Mwaka huo wa 2094, Tanga nzima ilikuwa imeshasahau mawakili wa damu na nyama. Kitetezi kilimsikiliza mteja, kikaandika hoja, kikabishana na Kitetezi cha upande wa pili. Talaka ya kawaida ilichukua wiki sita. Ya Mwantumu ilikuwa mwezi wa kumi na nne, na ada ilishameza cherehani zake mbili. Ilibaki moja.

"Shoga, hama wakili," alisema Chausiku, jirani wa mlango wa pili. "Hicho chako kimelogwa. Changu kiliniachanisha na yule fisi hata hina haijafutika."

"Hina ya harusi?" mtu akauliza. Kicheko kikalipuka.

Mwantumu hakucheka. Kidole gumba chake kilining'inia juu ya kitufe cha kuhamia wakili mwingine. Siri za mteja hazihamishwi, ndivyo sheria ilivyosema. Akibonyeza tu, kumbukumbu zote zingefutika na wakili mpya angeanza moja. Akibaki, cherehani ya mwisho ingekwenda.

"Kitetezi, kabla sijakuacha, niambie. Kwa nini unanichelewesha?"

"Kila wageni wakisema jambo, wewe huniambia, 'Litie na hilo.' Nalitia. Wakili wa mumeo Semboja hulikana, mahakama hutuma wapelelezi, tunangoja. Katika hoja zote hizi, ulizoziona kwa macho yako ni nne. Tukibaki na hizo, hukumu itatoka ndani ya siku tisa."

"Mbona hukusema siku zote?"

"Ushauri wa namna hii natakiwa kukupa ukiwa peke yako, isipokuwa ukiuomba mwenyewe. Hujawahi kuwa peke yako."



Tangu Semboja aondoke, Mwantumu alikuwa akiogopa kitu kimoja: mlango usio na kandambili za wageni nje. Kesi ndiyo iliyozileta. Ikiisha, watakuja kusikiliza nini?

Akaondoa kidole.

"Jamani, naomba mnipishe."

"Mwantumu!" Chausiku alisimama akijifunga kanga upya. "Unatufukuza kwa ajili ya hiyo sufuria inayosema?"

"Leo tu, shoga."

"Haya. Ukivimba kwa kunyamaza, usinitafute!"

Kandambili zikaondoka jozi kwa jozi, mpaka zikabaki zake.

"Hoja ya kwanza," kilisema Kitetezi. "Uliona nini?"

Mwantumu, ambaye mtaani hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, alitafuta pa kuanzia. Miezi kumi na minne, habari hii ilikuwa imesimuliwa na kila mtu isipokuwa yeye.

"Siku ile alirudi mapema," akaanza. Akasita, kwa mazoea, akingoja mtu amdakie.

Hakudakia mtu. Akaendelea.